Bi Harusi, Usiitupe Taa ya Mama



Leo tunazungumzia kitu kidogo sana: kofia ya taa. Ni ile inayokaa juu ya taa ya meza kuzuia mwanga usichome macho. Wazee wengine huiita chengeu. Mtatuuliza, mbona mambo ya harusi ni mengi na makubwa, na nyinyi mmekwenda kung'ang'ania taa? Tutawajibu kwamba taa hii nusura imtie mama wa watu kwenye deni, na sisi tulikuwapo.

Ilikuwa wiki mbili kabla ya harusi ya mdogo wetu mmoja hapa Unguja. Tulikaa ukumbini kwa mama yake baada ya sala ya alasiri, singo inanukia nyumba nzima, daftari la vitu limefunguliwa juu ya mkeka. Upande wa mume ulikuwa umeshaleta kitanda, kabati na meza ya kioo. Upande wetu ulibakiwa na mapambo ya chumba: mashuka, mapazia, mito, chetezo, mkeka wa kusalia. Mwisho kabisa wa ukurasa mtu alikuwa ameandika "taa mbili za kitandani, mpya". Neno "mpya" limepigiwa mstari mara mbili.

Mama mtu hakuwa na pesa hizo. Zamu yake ya upatu ilikuwa bado, na fedha za mkononi zilikuwa zimeshakwenda kwenye mchele na nyama. Akasema taratibu, kama mtu anayejisemea peke yake, "Basi nitamwomba jirani aniazime, nitamlipa upatu ukitoka." Kila mmoja wetu aliijua hesabu hiyo. Upatu ukitoka utakuta ada ya skuli ya wadogo, utakuta bili ya umeme, na jirani atangoja.

Chumbani kwake kulikuwa na taa ya meza. Mguu wake ni wa shaba, mzito, na aliipewa na mama yake siku alipoolewa yeye. Taa yenyewe inawaka vizuri. Kilichoharibika ni kofia: kitambaa kimegeuka rangi ya chai ya maziwa, kimechanika upande mmoja, na chini kina madoa ya kutu. Mmoja wetu akauliza, "Na hii je?"

Shangazi wa bi harusi akacheka. "Hiyo? Mnataka waseme tumempeleka mwari na vitu vya jaani?"

Bi harusi mwenyewe hakusema kitu, na sisi tukadhani ameona haya. Kumbe usiku alimfuata mama yake jikoni akamwambia kwamba taa ile ndiyo aliyosomea Juzuu Amma, yeye na mama yake, kila usiku baada ya isha, mpaka akaihifadhi. Alikuwa akiitaka siku zote. Aliogopa tu kuisema mbele ya watu.

Na hapa ndipo penye neno letu la leo. Tumefika mahali ambapo bi harusi anaona aibu kutaka kitu cha mama yake, na mama anaona ni afadhali akope kuliko kumpa mwanawe kitu chema alichonacho. Sisi tunasema hilo si sawa. Kitu chenye mwili mzima na nguo mbovu hakihitaji kutupwa. Kivue nguo mbovu, ukivike nyingine.

Haya ya cha zamani yametoka wapi?

Mabibi zetu hawakuwa na haya haya. Kasha la njumu lilitoka kwa bibi likaenda kwa mama, likatoka kwa mama likaenda kwa binti, na kadiri lilivyozeeka ndivyo lilivyozidi heshima. Hakuna aliyemcheka bi harusi kwa kuwa kasha lake lina umri kuliko yeye. Kitanda cha samadari kilipolegea kiliitiwa seremala. Sufuria iliyotoboka ilipelekwa kwa fundi. Kanga iliyochakaa ilishuka daraja: kutoka kuvaliwa mtaani, ikawa ya jikoni, ikawa mbeleko ya mtoto, ikaishia kitambaa cha kufutia meza. Hakuna kilichotupwa kabla ya kumaliza kazi yake.

Siku hizi mambo ya chumba cha bi harusi yanapigwa picha. Picha zikishapigwa zinasambazwa kwenye simu, na kila mtu anakisia kila kitu kilinunuliwa wapi na kwa bei gani. Tukisema kweli, sisi wenyewe tumo kwenye lawama hii. Tumewahi kuingia chumba cha bi harusi tukaanza na macho, tukamaliza na ulimi, na dua tukaisahau.

Dini yetu haikutufundisha hivyo. Katika Surat Al-Israa, aya ya 26 na ya 27, Mwenyezi Mungu anakataza kufuja mali, na anawaita wafujaji ndugu wa mashetani. Na ili tusije tukakimbilia ubakhili, Surat Al-Furqan, aya ya 67, inawasifu wale wanaotumia bila kufuja wala kubana, wakakaa katikati. Bibi Fatima (radhiyallahu anha) alipoolewa na Sayyidna Ali, vitu alivyopelekwa navyo, kama walivyopokea An-Nasai na Ibn Majah, vilihesabika kwa vidole: nguo nzito ya kujifunika, kiriba cha maji, na mto uliojazwa majani makavu. Yule ni binti wa Mtume (s.a.w.). Hakuna mwanamke aliyeolewa na heshima kubwa kuliko yake.

Kuna kisa kingine tunachokipenda zaidi, kwa sababu kinahusu kitambaa hasa. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Bibi Aisha (radhiyallahu anha) alitundika pazia lenye picha nyumbani kwake, na Mtume (s.a.w.) aliporudi kutoka safarini hakupendezwa nalo, likashushwa. Maulamaa wamelizungumza sana suala la picha, nasi hatuingii kwenye kazi yao. Tunachotaka mkione ni alichokifanya Bibi Aisha na kile kitambaa. Hakukitupa. Alikikata, akakifanya mto au mito miwili ya kuegemea. Mama wa Waumini alishika kitambaa kisichofaa tena pale kilipo, akakipa kazi nyingine mle mle nyumbani. Basi sisi ni nani wa kuona haya?

Tuje kwenye kazi yenyewe

Tusije tukawa watu wa maneno matupu. Taa ile tuliivika sisi, kwa mikono yetu, na tulikosea mara mbili kabla ya kupatia. Tunawaambia makosa yetu ili nyinyi msiyarudie.

Kwanza, chomoa taa kwenye umeme. Si kuzima tu, bali kuchomoa kabisa, kisha uiache ipoe. Toa globu, toa kofia, iweke kwenye meza yenye mwanga wa kutosha.

Itizame kofia yako ni ya aina gani. Kuna zenye ngozi ngumu ndani, ya plastiki au karatasi nzito, na kitambaa kimegandishwa juu yake. Hizi ni rahisi. Kuna nyingine ambazo ni mifupa ya waya tu, na kitambaa kimeshonwa kwenye waya. Hizi zinataka sindano na subira. Ya mama ilikuwa ya aina ya kwanza, ya duara, juu na chini upana mmoja.

Kitambaa cha zamani kibandue polepole, usikirarue. Hicho ndicho ramani yako. Kikitoka kizima, kilaze juu ya gazeti, kichore, kata gazeti, na kipimo umeshakipata. Kama kofia yako ni pana chini na nyembamba juu, usijidanganye kwamba utakata kipande cha pembe nne kikae sawa. Kitambaa chake huwa kimepinda kama mwezi mchanga. Kikiwa kimechanika sana hata hakifai kuwa ramani, laza kofia kwenye gazeti, iviringishe taratibu mpaka izunguke mara moja, huku penseli inafuata ukingo wa juu na wa chini.

Kwa kofia ya duara isiyopanuka, hesabu ni nyepesi. Pima upana wa mdomo, uzidishe kwa 3.14. Yetu ilikuwa na upana wa sentimita 30, kwa hiyo mzunguko wake ni kama sentimita 94. Ukaongeza sentimita 3 za kupandanisha, unapata 97. Kimo kilikuwa sentimita 22; ukaongeza 2 juu na 2 chini za kukunja ndani, unapata 26. Kanga moja, si doti nzima, ina urefu wa kama mita moja na nusu. Kwa hiyo kanga moja inatosha na inabaki.

Hapa kwetu visiwani kuna jambo ambalo wanaofundisha kazi hii katika nchi za baridi hawalitaji: kutu. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na pete za waya za juu na chini hushika kutu haraka. Hilo ndilo kosa letu la kwanza. Tulibandika kitambaa kipya juu ya pete zenye kutu, na baada ya siku chache madoa ya kahawia yakajitokeza kwenye pindo. Ikabidi tubandue. Zisugue pete kwa msasa mpaka chuma kionekane, zipake rangi ya chuma, ziache zikauke kabisa usiku kucha, ndipo uendelee.

Kitambaa kifue kwanza. Kanga mpya ina wanga na hunywea ikipata maji, na ya zamani ina jasho na moshi. Fua, anika, piga pasi ikiwa na unyevu kidogo. Kisha ishike mbele ya dirisha jua likiwa nyuma yake. Hivyo ndivyo itakavyoonekana taa ikiwaka. Nguo nzito na nyeusi humeza mwanga, na taa itabaki kama mtu aliyejifunika shuka. Nguo nyepesi mno itaonyesha globu yote. Usiichore kwa kalamu upande wowote, maana mwanga hauna siri: mstari wa wino utauona kila usiku.

Gundi nyeupe ya maji, ile ya mbao, inafaa. Kosa letu la pili lilikuwa hapa: tuliimimina. Gundi ikapenya, kitambaa kikaingia mabaka kama cha mtoto aliyemwagikiwa uji. Paka nyembamba kwa burashi kwenye ile ngozi ngumu, si kwenye kitambaa, kidogo kidogo, upana wa kiganja kila mara. Laza kitambaa, kilainishe kwa mkono kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke, kisha endelea. Mkiwa wawili ni bora. Mmoja anazungusha kofia, mwingine analaza. Mwisho wa kitambaa ukunje kidogo ndani kabla ya kupandanisha, ili uzi usichomoze, na mshono huo uuelekeze ukutani.

Pindo za juu na chini zikunje ndani ya pete, zibane kwa vibanio vya kuanikia nguo mpaka gundi ishike. Baada ya hapo unaweza kuzungushia utepe au lesi ndogo kuficha ukingo. Sisi tulitumia pindo la kanga ile ile tuliyokata, na halikutugharimu hata senti.

Kama kofia yako ni ya mifupa ya waya, zungushia kwanza kila pete utepe wa pamba ili sindano ipate pa kushika, halafu ushone kitambaa hapo kwa mkono. Msituambie ni kazi ngumu. Wanawake wa visiwa hivi wanashona kofia za viua, tundu baada ya tundu, kwa majuma na miezi. Mkono unaoweza kofia ya mwanamume ya sikukuu utashindwaje na kofia ya taa?

Msiiache nyumba ikaungua

Tunaomba sehemu hii msiiruke. Kitambaa na joto ni mahasimu. Zile globu za zamani zenye uzi ndani hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, si mwanga, na ndiyo maana kofia nyingi za zamani zimebabuka upande wa ndani. Weka globu ya LED. Yenye wati 7 mpaka 9 inatoa mwanga unaokaribia ule wa wati 60 wa zamani, na joto lake ni dogo sana, na bili nayo inapungua. Chagua yenye mwanga wa manjano, si ule mweupe wa dukani. Kanga nyekundu chini ya mwanga mweupe hupooza, na chini ya mwanga wa manjano huchangamka.

Hakikisha globu haigusi kitambaa popote, na iko katikati. Waya ukiwa umekatika ngozi au plagi inalegea, mwite fundi umeme kabla hujagusa gundi. Usivike nguo nzuri juu ya waya mbovu.

Kuna mtindo tunaouona kwa maharusi wapya: kutupia mtandio juu ya taa ili chumba kipate mwanga wa kimahaba. Tafadhali, acheni. Mtandio unaoteleza juu ya globu ya moto ni moto unaosubiri saa yake. Na chetezo cha udi kisiwekwe chini ya kofia ya taa. Moshi wake ndio unaokiharibu kitambaa, na cheche yake hatuhitaji kuisimulia.

Mtume wetu (s.a.w.) alituagiza tuzime taa tunapolala, na katika hadithi zilizopokewa akataja sababu: panya anaweza kuburura utambi akawateketeza watu wa nyumba. Taa zetu leo hazina utambi, lakini hekima imebaki pale pale. Soma adhkari zako, zima taa, lala.

Kanga ipi?

Hapa kila nyumba ina ladha yake, lakini tuna maoni matatu.

La kwanza, tafuteni kwanza kabatini kabla ya kwenda Darajani. Ukitoka kwenda kununua kitambaa cha bei kubwa, utepe wa bei kubwa na gundi ya bei kubwa, utakuwa umerudi kule kule kwenye daftari lenye mistari miwili. Tumia kanga iliyochakaa upande mmoja, kipande cha gauni lililobana, au kikoi kilichopauka pindo. Ile kanga ya kisutu ambayo bado ni nzima msiikate. Iacheni ivaliwe.

La pili, someni jina la kanga kabla ya mkasi. Kuna majina ya mafumbo na vijembe ambayo tuliyanunua siku tukiwa na hasira na mtu. Bi harusi hataki kuwashiwa kijembe kila usiku. Na kanga yenye jina la Mwenyezi Mungu sisi hatuikati wala hatuikunji ndani ya pete. Tumieni mji wa kanga au pindo, muache maandishi. Picha za wanyama na ndege nazo tunaziepuka, na mauwa, korosho na vikombe vya kahawa ni tele kwenye kanga zetu.

La tatu, mshirikisheni bi harusi. Taa ya mama tuliivika kanga ya mama mwenyewe, yenye maua ya rangi ya zambarau, aliyoivaa miaka mingi mpaka ikaachia katikati. Bi harusi ndiye aliyeichagua. Ingekuwa tumemchagulia sisi, angeletewa kitu cha watu.

Wanaotupinga

Tunawajua watakaosema, "Binti anaolewa mara moja, mwacheni apate vipya." Hatuwapingi kwa yote. Godoro liwe jipya. Mashuka yawe mapya. Mwanamke ana haki ya kufurahi siku yake, na mahari yake ni yake, atumie apendavyo. Na kama wazazi wana uwezo na wanataka kumnunulia taa kumi, Allah awazidishie. Maneno yetu yanamhusu yule anayekopa ili asichekwe.

Wengine watasema tunawafundisha watu kuwapa mabinti makapi. Hapana. Surat Al-Baqarah, aya ya 267, inatukataza kutoa kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Aya hiyo inazungumzia kutoa katika njia ya Allah, na sisi tunaona adabu yake inafaa hata kwa zawadi ya mwana. Kipimo ni hicho. Taa yenye waya uliooza si zawadi. Kofia iliyovunjika mifupa si zawadi. Lakini kitu kizima, kilichotengenezwa vizuri, kilichobeba historia ya nyumba, hicho ni bora kuliko kipya kilicholetwa na deni.

Na tunasema hili kwa sababu tunajua thamani ya mwanga. Walioishi Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hawajasahau: karibu miezi mitatu kisiwa kizima bila umeme wa gridi, tukarudi kwenye kandili na vibatari, maji hakuna kwa sababu pampu zimesimama. Siku umeme uliporudi hakuna aliyeuliza taa ya jirani ni mpya au ya zamani. Watu walishukuru kwamba inawaka.

Ilivyokwisha

Taa ilikwenda. Moja tu, si mbili, na jirani hakuombwa kitu. Tuliiweka kwenye meza ya kioo badala ya kando ya kitanda, kwa sababu taa moja upande mmoja ingeonekana kama imepotelewa na mwenzake. Siku ya kutandika chumba baadhi ya wageni waliitizama, wengine hawakuiona kabisa. Harusi ilipita salama, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Siku ya saba ya fungate tulipeleka chakula. Bi harusi alikuwa ameiwasha ingawa magharibi ilikuwa haijaingia, na maua ya zambarau ya kanga ya mama yake yamelala ukutani. Msahafu ulikuwa juu ya marfaa, pembeni ya taa. Alituambia wameanza kusoma pamoja na mumewe, kidogo kidogo, baada ya isha.

Shangazi tulikuwa naye. Hakusema lolote kuhusu vitu vya jaani. Aliinuka, akaizungusha kofia akautafuta mshono, akaupitishia kidole.

"Gundi gani hii?" akauliza. "Mimi ninayo mbili darini."

Allah azitie nuru nyumba zetu na nyumba za mabinti zetu, na awaepushe mama zetu na madeni ya macho ya watu. Aamin.